Asumini Yangu na Nusu Kaputi

Mwalimu Anna, jirani yangu, ananisumbua tangu Mfungo Mosi: "Bi Hayat, hayo mambo yaandikwe." Yaandikwe ya nini? Mie kisomo changu ni cha ngumbaru, nacho nilikiacha siku niliyoweza kuandika jina langu. Lilinitosha. Haya, mie nasema, yeye aandike, na ole wake anirekebishe.

Mie ni Hayat binti Aidarus wa Ukonga. Napika mafuta ya nazi ya nywele, nayatia asumini, mwaka wa thelathini na tisa huu. Kila chupa naibandika karatasi, HAYAT, kwa mkono wangu mwenyewe.

Raudha alikuja kupanga chumba changu cha uani. Alikuwa anasomea usingizi, wale wanaompa mgonjwa nusu kaputi kabla hajapasuliwa. Asubuhi moja nikamkuta barazani analia, daftari liko chini.

"Una nini? Umeachwa?"

"Afadhali ningeachwa, Mama. Nimefeli. Dawa za usingizi za kuvuta: gesi ya kuchekesha, hata umjaze mtu kifua, peke yake haimlazi sawasawa. Halotheni, kidogo tu, chali! Wanauliza kwa nini. Nimekariri namba, maana yake siioni."

"Hiyo kali inapenda nini?"

"Mafuta. Inayeyuka sana kwenye mafuta. Wataalamu wa zamani Ulaya walipima kwa mafuta ya zeituni, na dawa wakaijaribu kwa kulaza viluwiluwi."

"Viluwiluwi! Na wewe unalia kwa hilo? Nyanyuka."

Nikachukua chupa mbili, moja maji, moja mafuta. Kila moja maua kumi ya asumini. Kesho yake nikatoa maua, nikamwambia nusa. Maji yananukia kama mtu kapita njiani. Mafuta, mtu mwenyewe yumo ndani, kakaa kitako.

"Sasa kichwani mwa binadamu mna nini?"

"Mafuta mengi, Mama."

"Basi. Isiyopenda mafuta utaimwaga debe zima mlangoni, isiingie. Inayoyapenda, hata chembe inaingia ndani."

Akanirukia shingoni. Akasema wakubwa bado wanabishana inamlazaje mtu hasa, lakini kwa hizo za kuvuta, kadiri inavyopenda mafuta ndivyo kidogo kinavyotosha. Akarudia mtihani, akafaulu. Siku anahama nikampa ile chupa ya mafuta, kumbukumbu.

Miaka ikapita, akawa mwalimu chuoni. Mwezi uliopita Anna kanijia na simu, video inacheza: "Bibi, si mpangaji wako huyu?" Ndiye, kavaa koti jeupe, chupa mbili mezani, asumini tele. Anasema: "Mfano huu niliubuni mwenyewe nikiwa mwanafunzi." Watu wanampongeza mpaka basi.

Nikamwambia Anna, simamisha hapo. Chupa ile. Tumboni ina alama ya gundi, pembe nne. Karatasi yangu kaibandua.

Angeiba maneno tu, ningesema kasahau. Lakini kubandua si kusahau. Unakaa, unatia maji, unakwangua kwa kucha.

Nikampigia.

"Shikamoo Mama!"

Sikuitikia. "Karatasi yangu iko wapi?"

"Mama, nikisema kanifundisha muuza mafuta ya nywele, si watanicheka?"

"Ulipokuwa unalia barazani kwangu, nilikucheka?"

"Nitakuletea kitenge kizuri, Mama."

"Cha nini? Cha kunifunika jina? Baki nacho." Nikakata.

Anna kanionyesha chini ya ile video mahali pa kuandika. Alitaka aniandikie, nikamkatalia. Nikabonyeza herufi moja moja kwa kidole changu: HAYAT. Likakaa pale peke yake. Mtu mmoja kajibu, "Ndo nini hii?"

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, mwenye herufi zako zote, usinipe pole, sina msiba. Chukua simu, mtafute Raudha wa asumini, umjibu yule aliyeuliza: Hayat ni mtu, yuko Ukonga, na chupa ile ni yake. Andika sasa hivi, kabla hujaweka hii chini.