Siku Mama Alipoimbwa Riyadh

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na maini juu yake, kwamba jambo likishaimbwa kwenye opera mbele ya wakubwa wa Riyadh huwa limepigwa mhuri, na hakuna ofisi duniani inayoweza kulirudisha nyuma. Msinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliyeniambia alikuwa mtu mzima mwenye leseni ya kuendesha gari.

Kinachonirudisha kule ni harufu ya utepe wa kufungia maboksi. Mtu akiuvuta ule utepe wa rangi ya kahawia, kraaa, gundi ikatoa harufu yake ya mafuta ya taa na ndizi zilizoiva kupita kiasi, basi popote nilipo, hata kama nimesimama dukani na mkate mkononi, najikuta juu ya paa, Al-Nuzha, Jeddah, kwenye kile chumba chetu ambacho jua lilikiingia bila hodi na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kilikuwa na joto la kuivisha mayai. Mayai nane, kwa hesabu yangu ya wakati ule.

Nilifika huko nikiwa na miaka mitano. Bibi alinipeleka umra, na mpango wetu ulikuwa mwepesi kama maandazi: mkataba wa mama wa kazi za nyumbani ulikuwa umebakisha miezi miwili, kwa hiyo bibi aniache naye, atangulie Mambrui kupaka nyumba chokaa, sisi tumfuate. Ile miezi miwili ilizaa. Ikawa miaka sita. Pasipoti ya mama ilikuwa ndani ya kabati la madam, mwajiri wake, na bila madam kutia saini ya exit, ile ruhusa ya kutoka nchini, hakuna ndege ambayo ingempokea, hata angejigeuza mzigo. Viza yangu mimi ilikufa zamani. Nilikuwa mafi ikama, mtu asiye na karatasi, na mtu wa namna hiyo akishikwa barabarani hupelekwa tarhil, wanakokusanywa wa kurudishwa kwao. Kwa hiyo niliishi juu ya paa kama tangi la maji. Madam hakututoza kitu kwa paa hilo, na alimkumbusha mama jambo hilo kwa upole, kama mtu anayekuongezea wali.

Ningependa kuwaambia madam alikuwa na pembe. Hakuwa nazo. Alikuwa mwandishi. Asubuhi, watoto wake wakishaenda shule, alishuka jikoni na daftari lake, akakaa kwenye stuli, na mama huku akichambua mchele akamsimulia habari za kwetu. Mama alikuwa na hadithi za kujaza meli tatu. Alimwambia namna babu alivyokufa akiulizia kofia yake. Alimwambia alivyoaga nyumbani kwa kwenda kuwabusu hata mbuzi. Alimpa hata wimbo alionibembelezea mimi, ule wa "nyamaza, mwana, nyamaza, unga u jikoni", na madam akamtaka aurudie mpaka wali ukaungua.

Kila mama alipouliza habari za exit, jibu lilikuwa tayari. Inshallah, baada ya Ramadhani. Kisha baada ya hija. Kisha kitabu kikiisha. Kitabu kikaisha, kikatoka na jalada la dhahabu, hadithi ya mtumishi mmoja kutoka Afrika aitwaye Zahra, mwenye sauti nzuri. Watu wakakipenda sana, na wengine huko Riyadh wakataka kukifanya opera.

"Halas, basi, Mariamu," madam akamwambia mama. "Baada ya opera."

Opera ni mdudu gani? Nilimuuliza Mutua, dereva wa madam, Mkamba wa Kitui, aliyeweza kuongea kutoka Jeddah mpaka Taif bila kumeza mate. Tulikuwa kwenye taa nyekundu. Siku moja moja alinificha kiti cha nyuma ili nione mji.

"Opera ni watu kugombana kwa kuimba," akasema. "Mtu akitaka chumvi, anaimba nusu saa. Chumvi ikifika, chakula kimelala."

"Na mama ataimbwa, anko?"

"Ataimbwa na dada mmoja mwenye mapafu ya lori. Na si hivyo tu, kijana. Kule mbele wanakaa wakubwa wenye mihuri. Kitu kikiimbwa mbele yao, kwisha. Kimepigwa mhuri, hakirudi!"

Akacheka, taa ikawa ya kijani. Mimi kicheko sikukisikia. Nilisikia mhuri.

Siku ileile nikaanza kufunga boksi. Lilikuwa boksi la televisheni, kubwa la kulala ng'ombe na ndama wake. Nikapanga blanketi mbili zenye picha za simbamarara, sabuni, mikebe ya maziwa ya unga na tende za bibi. Nikalizungushia utepe, kisha nikaandika kwa kalamu nene, kama nilivyoona dada waliomaliza mikataba wakiandika: MARIAMU, MAMBRUI, KENYA. Mama alipopanda jioni akalikuta katikati ya chumba.

"Nani kakutuma, Hassan?"

"Baada ya opera, mama. Si alisema?"

Nikajua leo nachapwa. Badala yake akachukua utepe, akaupitisha raundi moja zaidi, akaukata kwa meno.

Madam alitaka tuwepo. Alisema anataka watu wamwone Zahra mwenyewe, na kwa kuwa mimi nisingeweza kupanda ndege bila karatasi, tukaenda wote Riyadh kwa gari, siku nzima ya jangwa, mimi nikijifanya nimelala kila kwenye kituo cha ukaguzi na madam akiwapungia mkono askari. Tulifikia Al-Malqa, kwa dada yake, nyumba ambayo choo chake kilikuwa kikubwa kuliko msikiti wetu wa Mambrui. Mama alinunuliwa abaya mpya. Hata yeye alicheka alipojiona kwenye kioo.

Onyesho lilikuwa la alasiri. Ukumbi ulikuwa baridi kama tumbo la friji, na tulikaa safu ya tatu, madam, mama, kisha mimi. Pazia likafunguka, na jiko likatokea. Jiko letu! Masufuria, stuli, mchele kwenye sinia. Yule dada wa mapafu ya lori akaingia na aproni, na alipofungua kinywa nilishika kiti nisipeperuke. Mama alikuwa na Kiarabu cha jikoni, cha moto na chumvi na yalla, na ule ulikuwa Kiarabu cha vitabuni, lakini hapo hapakuhitaji mkalimani. Babu alikufa akiulizia kofia. Mbuzi walibusiwa. Kisha dada yule akaimba wimbo wangu. Maneno yalikuwa ya kigeni, sauti ilikuwa ileile, yenye kupanda na kushuka kama mtu anayetembea na mtoto mgongoni. Mkono wa mama ulikuwa juu ya goti langu. Ulinibana mpaka nikataka kulia kwa maumivu, sikulia.

Mwishoni madam wa jukwaani akafungua kabati, akatoa pasipoti, akampa Zahra. Ukuta wa jikoni ukagawanyika, mwanga ukamwagika kutoka nyuma, na Zahra akauendea akiimba.

Nilipanda juu ya kiti. "Mama!" nikapiga kelele. "Exit! Umepewa exit!"

Vinanda vilikuwa vimenyamaza, kwa hiyo nadhani walinisikia mpaka Dammam. Vichwa vikageuka. Madam akafikiri kidogo, kisha akainuka, akawaambia watu maneno mawili matatu, akamshika mama mkono na kumsimamisha, akaunyanyua ule mkono juu. Watu wote wakasimama. Walipiga makofi mpaka nikahofia dari. Wanawake walilia, kulia kwa kweli. Mmoja wa safu ya mbele aligeuka akampa mama karatasi ya kufutia machozi na kumpapasa shavu. Mama alisimama ameinamisha kichwa. Mimi nilipiga makofi kuwapita wote.

Tulipotoka, kwenye sebule ya mapokezi iliyojaa maua, mama aliuliza mbele za wageni, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu: "Madam, na pasipoti yangu?"

"Leo, Mariamu?" madam akasema, bado akitabasamu. "Leo ni siku ya furaha. Usiiharibu."

Na kwenye gari, tulipokuwa tumeshatoka mjini, akaongeza bila kugeuka kwamba kuna kitabu cha pili. Inshallah, baada ya cha pili.

Mimi nilimhurumia madam. Maskini, hajui kwamba limeshapigwa mhuri!

Wiki zikapita. Boksi lilisimama mlangoni, na nikawa nasikiliza kila gari lililopunguza mwendo getini. Madam alishuka jikoni na daftari jipya. Mama akamwambia, "Mafi, madam. Mafi hadithi," akaendelea kuosha mchele. Alimjibu hivyo kila asubuhi. Hata mimi sikupata tena hadithi kwake, wala wimbo. Nilipomwomba aniimbie, alifungua kinywa, akakifunga, akasema ana mafua.

Nilishikwa nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikarudishwa peke yangu kupitia tarhil. Bibi alinipokea, ile chokaa ilikuwa imeshababuka. Kidato cha nne nimekimaliza kwenye madarasa ya usiku, nikiwa na ndevu za kutosha kufagia darasa, na watu husema nina domo la kuchekesha. Mama bado yuko kule. Simu yake hupatikana Ijumaa. Ni ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba wale watu hawakuwa wakiigiza machozi. Walimlilia mama kwa dhati, wakajifuta, wakaenda nyumbani wakiwa wepesi, na katika ukumbi mzima hakupatikana hata mmoja wa kumuuliza pasipoti yako iko wapi.

Lakini habari ya mhuri sikungoja ukubwa kuijua. Mutua alipanda paani mchana mmoja kutengeneza tangi, akanikuta nimekaa juu ya boksi, nimevaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Namngoja mtu wa mhuri."

Hakucheka. Aligeuza ndoo, akaikalia, akaweka spana chini.

"Hassan," akasema, "ile stori niliitunga mimi, tukiwa kwenye taa. Nilikuwa nacheza tu. Opera ni watu wanaigiza. Mwenye kumpa mama yako exit ni madam peke yake, na madam hataki."