Kopo la Sukari la Shoga Yangu

Wakati ule Riyadh nilimshuku kila mtu mwenye kalamu. Mume sina, kafili, mwajiri aliyenidhamini, nimemtoroka, binti yangu mchanga analia njaa. Ofisi ya msaada kule Malaz ikaniahidi maziwa ya kopo, ila wakataka anwani. Mtego huo! Si watampelekea kafili? Shoga yangu wa bara akaniambia niandikishe nyumba yake.

Miezi miwili namuuliza, ananijibu, “Mafi. Hakuna kilicholetwa.” Nikawalaani wale makarani.

Siku moja akanialika chai. Sukari yake ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, limeandikwa ubavuni kwa herufi za Kiarabu. Yeye hazijui. Mimi nimesoma madrasa Mombasa. Lilikuwa jina la binti yangu.

“Vijiko vingapi?” akaniuliza.