Tovuti Iliyopata Mia kwa Mia

Surua ilimpofusha Eliane Kavugho akiwa na miaka mitano, kijijini kwao Mbau. Alipohamia mjini Butembo alifuma masweta, akaimba kwaya, akajifunza kompyuta kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti. Ulimi wake ulikuwa mkali, na hakuona haya kwa hilo.

Mwaka 2021 waasi walivamia mashamba ya Mbau. Mama yake, Godelive Kavira, akakimbia, na simu yake ikazimika. Mwezi mzima Eliane hakupata hata fununu. Ndipo shirika moja likafungua tovuti ya watu waliopotezana na jamaa zao, na likamwomba aijaribu kwa niaba ya vipofu. Aliijaribu mara mbili. Kila mara sauti ilimwambia: picha, picha, picha. Akawaambia haifai. Safari ya tatu fundi wao, Edmond, akampa karatasi atie sahihi kwamba tovuti inawafaa vipofu.

“Mama, tulipima na chombo ya kupima tovuti. Mia kwa mia! Hakuna faute, hakuna kosa hata moja.”

“Kinapima nini?”

“Kinaangalia kama kila picha iko na maelezo ya maandishi.”

“Na maelezo yako inasema nini?”

Edmond akajikuna kichwa. Alikuwa ameandika “picha” kwenye picha zote mia mbili, chombo kikaridhika. Chombo hakina mama aliyepotea.

“Majina ya batu iko wapi?” Eliane akauliza.

“Kila mutu anashika kibao, jina imeandikwa na chaki.”

“Donc, kumbe majina iko ndani ya picha, na miye sisikie kitu! Soma. Moja moja. Na uandike.”

Edmond akasoma, akaandika. Kwenye picha ya kumi na tisa akasema, “Godelive Kavira, wa Mbau. Iko Oicha, ku kambi ya bakimbizi.”

Eliane akashika ukingo wa meza. “Muliweka hiyo lini?”

“Siku ya kwanza, mama.”

Mara mbili alikuwa amempita mama yake mzazi. Akamwamuru Edmond apige simu Oicha, na mlinzi wa kambi akajibu kwa sauti ya kuchoka: “Ule mama? Alingoja majuma tatu. Hakuna mutu alimuulizia. Alirudia Mbau juzi.”

Mbau risasi zilikuwa bado zinalia. Eliane akamsukumia Edmond ile karatasi kifuani.

“Pahali ya sahihi,” akasema, “andika: Godelive Kavira alirudia Mbau. Kisha upelekee bakubwa yako.”