Unga Mgongoni, Mtoto Kwenye Pulka

Mwaka ninaousema ni ule ndagala waliporudi. Maradhi yale yaliyofunga dunia yalikuwa yamefunga na njia ya samaki wetu, tukawa tunakula maharage na kabichi, kabichi na maharage, mpaka sisi Warundi wa hapa Alby, huku kwa Waswidi, tukaanza kufanana na sungura. Halafu siku moja duka la Mkongomani lililo karibu na kituo cha treni likapata ndagala, wakavu, wadogo, wananuka vizuri, na wiki hiyo ngazi nzima ya jengo letu ikanuka ziwa. Jirani yangu Mswidi wa ghorofa ya juu alifungua dirisha kwenye baridi kali. Akafunga. Akafungua tena. Ndiyo mwaka huo. Ndagala walirudi, theluji ikaanguka mapema, na mwanangu akasema anataka kumpeleka mjukuu wangu milimani akalale kwenye hema.

Mjukuu wangu ni mzuri. Sisemi kwa sababu ni wangu. Hata angekuwa wa adui yangu ningesema, ila kwa sauti ndogo. Ana mashavu ya kujaza kiganja, na wakati huo alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti, anasimama kama mwenye nyumba.

Mama yake ndiye aliyekuwa haendi vizuri. Tangu ajifungue, mwanangu alikuwa kama jiko lililomwagiwa maji. Ananyonyesha huku anatazama ukuta. Nakwenda kwake Hässelby, napanda treni hii nashuka, napanda ile, na chungu changu nimekifunga kitambaa, nafika, anakula matonge mawili. "Asante Mama, nimeshiba." Ameshiba nini? Nesi wa kliniki alizungumza naye, wakamsaidia, uzito wa moyo ukapungua kidogo, lakini kicheko hakikurudi. Na mwanangu huyu alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta.

Basi theluji ilipoanguka nilimkuta ametoa stoo ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, amezilaza mapajani, anazifuta kwa kitambaa. Anapiga mluzi. Nikasimama mlangoni na chungu changu, sikutaka hata kukohoa.

Hizo ski alizipenda tangu shuleni, tulipokuwa tunakaa Rågsved. Walimu waliwapeleka watoto kuteleza, wenzake wengine wakalia, yeye akalia alipoambiwa azivue. Mume naye akamtafuta huko huko. Mkwe wangu ni Mswidi wa kaskazini, mtu wa maneno machache, nadhani alizaliwa na ski miguuni, mama yake pole. Wote wawili walikuwa wakienda milimani kila majira ya baridi, wanavuta mizigo, wanalala kwenye hema kwa hiari yao. Mimi nimelala kwenye hema kambini Kigoma, nami sikuwa na hiari. Lakini kila mtu na starehe yake.

Mezani, mkwe wangu akasema kwa upole, mwanangu akinitafsiria palipo pagumu, kwamba labda mtoto abaki na mimi siku hizo chache. Alidhani ananiheshimu.

Nikasema, "Sibaki naye. Mtoto huenda aendako mama yake."

Mwanangu anajua kwa nini. Mimi mwenyewe niliachwa kwa bibi yangu siku chache tu, mama akavuka mpaka kutafuta pa kukaa, siku chache zikazaa miaka. Nilipomwona tena nilimwamkia kama mgeni, naye akaitikia kama mgeni, halafu akaenda nyuma ya nyumba akalia. Sijawahi kumshika mtoto wa mtu kwa siku chache tangu hapo.

"Basi tutakwenda naye, Mama," mwanangu akasema. "Tutamweka kwenye pulka."

Pulka ni kama mtumbwi mdogo wa plastiki. Hauendi majini, unavutwa juu ya theluji, na anayeuvuta amejifunga mkanda kiunoni.

"Mtoto avutwe kama kuni?"

"Si kuni, Mama. Watoto wote wa huku wanavutwa."

"Awe nyuma yako, humwoni, humsikii? Mtoto anakaa mgongoni. Wewe nilikubeba kwenye matope, kwenye mvua, gizani. Nilikuangusha?"

"Hukuwa umevaa ski."

"Nipe hizo ski."

Usinicheke bado. Jumamosi tulikwenda uwanjani karibu na kwao, pale ambapo watoto huteleza. Nilikuwa nimebeba mfuko wa unga wa muhogo wenye uzito kama wa mjukuu wangu, nikauweka mgongoni, nikaufunga kwa kitenge, fundo kifuani, vile nilivyofunga watoto wangu wote. Mwanangu alinivalisha ski. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye kigari chake ananitazama kama hakimu.

Nikaenda. Nakwambia nilikwenda! Kama bata, lakini nilikwenda. Nikageuza shingo niwaambie, "Mnaona?"

Hapo miguu ikaondoka bila kuniaga. Nilianguka chali, mzima mzima, na chini yangu nikasikia "pu!" Mfuko umepasuka. Unga ukaruka juu, ukanishukia usoni, mdomoni, kwenye kope.

Nililala pale natazama mawingu. Sikuumia. Lakini nilijua nimelalia nini. Ule mgongo wangu niliojivunia maisha yangu yote ungekuwa umemponda mtoto.

Mkwe wangu alifika wa kwanza, akasimama hapo mikono imetanuka, haijui iende wapi, maana mwanangu alimfundisha zamani kwamba kwetu mkwe hamshiki mama mkwe. Masikini wa Mungu, aliiamini hiyo kuliko sisi wenyewe. Mwishowe akaninyooshea fimbo ya ski, mimi nikashika ncha hii, yeye ile, akanivuta kama anavua samaki mkubwa.

Ndipo nikasikia sauti. Mwanangu. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa amekaa kwenye theluji, kashika tumbo, anacheka. "Mama," anasema, hawezi kumaliza, "Mama, umekuwa... umekuwa chapati!" Anacheka mpaka mtoto naye akaanza, hajui anacheka nini.

Nikapangusa uso. Nikasema moyoni, mtu huyu lazima aende mlimani.

"Sawa," nikasema. "Pulka. Lakini dukani nakuja."

Muuzaji alikuwa kijana wa ndevu nyekundu mwenye subira ya punda. Alituonyesha kwanza pulka ya kuvutwa kwa kamba, nyepesi, nzuri, ya rangi ya chungwa, mimi nikaipenda. Akaniambia niivute, kisha nisimame ghafla. Nikasimama. Yenyewe haikusimama, ilinigonga visigino. Ukiteremka mlima, akasema, inakuja kukuvunja. Akatoa nyingine yenye fito mbili ngumu kutoka kiunoni mpaka kwenye pulka: ukisimama inasimama, ukiteremka haikupandi.

"Ikipinduka?"

Akaweka gunia ndani, akalifunga mikanda, akaipindua pale pale dukani. Juu ya kichwa cha mtoto kuna upinde wa chuma, ukaishikilia, gunia halikugusa chini. Nikamwambia apindue tena. Akapindua tena. Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake kwa aibu, akanong'ona, "Mama, yatosha."

"Na anatazama wapi? Mgongo wa baba yake?"

"Anatazama nyuma," mkwe wangu akasema. "Ili theluji isimrukie usoni."

Hapo nikatulia, nikamuuliza mwanangu kwa Kiswahili, "Kwa hiyo anayefuata nyuma anamwona?"

"Anamwona uso, Mama. Baba yake atamvuta, mimi nitafuata na pulka ya mizigo."

Basi hiyo haikuwa kuni tena. Mgongoni hata mimi sikuwahi kumwona uso.

Mengine nilifundishwa, na nilikubali kufundishwa. Ngozi ya kondoo chini yake, nene. Niliipitisha shavuni, nikachagua yenye manyoya marefu. Sufu mwilini, pamba hapana, pamba ikilowa inakaa na maji yake na maji yanakuwa baridi. Kitenge nilichokuwa nimekiweka kwenye mkoba nikakikunja nikakirudisha. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata. Jiko dogo linalovuma kama nyuki. Nilitaka kuwapikia ugali wa njiani, mkwe wangu akaniambia kwa heshima zote kwamba ugali ukifika kule utakuwa jiwe, itabidi waupasue kwa shoka. Ndagala je? Akawanusa, akafumba macho kidogo, akasema ndagala ni wakavu, wepesi, waende. Huyo ndiye mkwe.

Jambo moja alilisema nikalishika: anayetembea anapata joto, anayevutwa hapati. Mtoto amekaa tu. Kwa hiyo kila mara wasimame, mkono uingie shingoni, kama ni baridi wanaweka hema hapo hapo, safari imeisha.

"Mkono shingoni," nikamwambia.

"Mkono shingoni, Mama," mkwe wangu akajibu, kwa Kiswahili.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza mpaka stesheni kuu. Pulka mbili ukutani, ski zimefungwa pamoja, watu wanazikwepa. Mkwe alianza kupakia mizigo. Mwanangu akabaki nami kwenye jukwaa, mtoto kifuani. Nikamwona uso unabadilika. Ule ukuta aliokuwa akiutazama ukamrudia machoni.

"Mama, na akipata baridi usiku?"

"Mnaye katikati yenu."

"Na nikishindwa? Labda mimi si mama wa mambo haya." Akamtoa mtoto kifuani, akaninyooshea. "Mshike. Siku chache tu. Tafadhali, Mama."

Mjukuu akanipa mikono yote miwili, anacheka, kashika na ncha ya mtandio wangu. Mashavu yale. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka nusu. Nikaiingiza mfukoni, nikaikunja ngumi humo ndani, nikamtazama mwanangu, si mtoto.

"Sibaki naye. Mtoto huenda aendako mama yake."