Kipande cha Tatu cha Mkate wa Muhogo

Miaka ile ya themanini, tulipokuwa tukikaa Hallonbergen, nje kidogo ya Stockholm, jirani yetu alikuwa mama mmoja kutoka visiwa vya Karibi, na ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba amezikwa akiwa hai. Tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, anakunja mashuka.

"Vitabu vya shule vinasema sisi Wataino, wenyeji wa visiwa vile, tulikwisha zamani, Wahispania walipofika," akasema kwa Kiswidi cha kuungaunga kama changu. "Haya, niguse. Nimekwisha?"

Sikumgusa. Mimi mambo ya wafu yalikuwa yananitia baridi kuliko theluji.

Kila Oktoba alikuwa akichukua ukumbi wa jengo letu mchana, akaita wenzake wa visiwani, wakawakumbuka wazee wao. Mwaka huo akamwalika mama yangu. Nikamwambia mama aseme anaumwa mgongo.

"Mgongo wangu mzima," akasema mama. "Na kuna mkate wa muhogo. Wewe baki na viazi vyako."

Sasa nieleze nilichokuwa naogopa. Wanajeshi walimchukua baba nyumbani kwetu Uganda nikiwa mtoto, na hakurudi. Tukakimbilia Tanzania, kisha Uswidi, na miaka yote hiyo mama alikuwa akisema, "Baba yako akija." Akija atayacheka makoti yetu. Akija atamtia adabu yule mwenye duka wa Vällingby anayetufuatafuata kama wezi. Nami niliishi kwa maneno hayo. Kwetu mtu aliye hai hatengewi chakula cha wafu. Ukimtengea, umemwitia kifo, na kitamkuta popote alipo. Bibi alinifundisha hivyo, na masomo yangu yote ya uuguzi hayakunitoa hapo.

Na kule ukumbini ndivyo walivyokuwa wakifanya kila mwaka: kila mtu anachukua kipande cha mkate, anataja jina la marehemu wake, anakiweka kwenye mkeka. Asiyetajwa, jirani alisema, hukaa na njaa. Nilipomfasiria mama maneno hayo, akaomba niyarudie. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba atamtaja baba.

"Mama, utawataja bibi na babu, basi," nikamwambia kwenye ngazi.

"Nimesikia."

"Niapie."

"We mtoto, umekuwa hakimu lini?"

Ukumbini walikuwapo wazee na wajukuu wao, wazee wakiuliza kwa Kihispania, wajukuu wakijibu kwa Kiswidi. Mzee mmoja akapuliza kombe kubwa la baharini. Niliruka! Mlango ukigongwa tu nilikuwa naruka, sembuse mlio ule. Nikajikuta natafuta mlango uko wapi na nani kakaa karibu nao. Jirani akaanza yeye, akamtaja bibi yake na bibi wa bibi yake, kwa sauti ya mtu anayewaita watu waje mezani. Hakuna aliyelia. Hilo nalo liliniogopesha. Nilitamani walie, nijue niko wapi.

Sahani ya mkate ikafika kwetu. Mama akamtaja mama yake, akaweka kipande. Akamtaja baba yake, akaweka. Nikashusha pumzi. Kisha mkono wake ukarudi kwenye sahani.

"Mama, basi."

Akachukua kipande cha tatu. Nikamshika mkono, nikaubana kweli kweli, ukumbi mzima ukatugeukia. "Usimtaje! Mama, utamuua!" Nilimwona baba katika gereza fulani, yu hai, anatungoja, na mama yangu mwenyewe ndiye anayemmaliza.

Mama hakuuvuta mkono wake. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile niliiogopa kuliko kitu chochote siku ile.

"Mwanangu, nilimzika," akasema taratibu. "Mimi na mjomba wako. Walimtupa kando ya barabara. Wewe tulikuwa tumekupeleka kwa shangazi."

Nikasema hapana. Nikamwita mwongo, mbele za watu, mimi na mama yangu.

"Ulikuwa huli," akasema. "Kila jioni unauliza atakuja lini. Nikasema atakuja, ukala. Basi nikaendelea kusema. Nimekulisha wewe, yeye nikamwacha na njaa."

Vidole vyangu vikalegea vyenyewe. Akalitaja jina la baba, lote, hadi la ukoo, akaweka mkate kwenye mkeka. Jirani hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini jina alilisikia, akalirudia, na wenzake wakalirudia, wakilikoseakosea.

Tulikaa pale mpaka watu wakaanza kukunja viti. Mambo ya kuuliza yalikuwa mengi, ni barabara gani, nani alimwona kwanza, alikuwa ameumizwa wapi. Yote yalinitisha. Nikauliza kama alizikwa na viatu vyake.

"Hapana," akasema mama. "Viatu walichukua."