Baba Alipotafuta Majina Kando ya Reli

Wenzangu wa mtaa wa Gatwekera, Nairobi, mnakumbuka magoti yetu? Yalikuwa na rangi ya udongo mwaka mzima, kwa mpira wa kati, kwa bano za gololi, kwa kuteleza kwenye mitaro. Vijana wa siku hizi magoti yao ni laini kama ya mtoto mchanga, na bado wanasema wamechoka. Sisi tulichoka jioni tu, mabati yalipoanza kulia yakipoa, na kila mlango ukatoa harufu yake. Kwetu muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, maana wazazi wangu walitoka Kitui. Kwa jirani yetu Mama Nekesa, aliyetoka Magharibi, mboga ya mrenda na dagaa wa omena.

Baba alikuwa fundi wa mbao. Asubuhi alitembea kwa miguu hadi karakana yake Kawangware, na jioni alirudi na vumbi la mbao masikioni. Akifika mwanzo wa kichochoro aliita, "Mwende!" nami niliacha mchezo wowote nikakimbia.

Kisha ukaja uchaguzi. Neno matokeo nilikuwa nalijua la shuleni tu. Sikujua kuna matokeo yanayochoma nyumba. Mwanzoni mwa Januari Baba alitoka kwenda kuangalia vifaa vyake, akakutana na umati barabarani. Jiwe likampata juu ya sikio. Nani alilirusha hatukujua, na Mama alitukataza kukisia. Wasamaria wema wakamfikisha hospitalini.

Alirudi anatembea na kula vizuri, lakini majina yalikuwa yamemtoka. Kikombe alikishika akasema, "Hiki... hiki cha..." akakitua. Daktari alikuwa amesema majina huenda yakarudi, mengine yasirudi, na kwamba tuongee naye. Mama akawa anamkalisha kitandani kila asubuhi.

"Mimi ni nani? Sema, Baba Mwende. Mama nani?"

Baba alimtazama hadi machozi yakamtoka. Kadiri Mama alivyosukuma, ndivyo Baba alivyozidi kujifunga.

Siku hizo soko lilikuwa limeungua na malori ya sukuma wiki hayafiki. Mama Nekesa akaanza kutoka na watoto kuchuma mboga za kujiotea kando ya reli, kukiwa kumetulia. Siku moja alisimama mlangoni kwetu.

"Nipe na Baba Mwende twende naye," alimwambia Mama. "Akikaa humu ndani, mawazo yatamla."

Mama alisita. Majirani walikuwa wameanza kuulizana kabila kwa macho, na wengine waliokopeshana chumvi miaka mingi walikuwa hawasalimiani. Halafu akachukua kikapu, akaja pamoja na Baba.

Mama Nekesa alichuma kwa njia yake. Akipata mahali penye mnavu au terere aliinama, mikono ikaenda mbio. Majani yakianza kuwa haba aliinuka, hata kama yamebaki machache. Mimi nilipong'ang'ania aliniambia, "Pakianza kukupa jani mojamoja, ondoka. Mbele kuna pengine."

Asubuhi moja Baba aliokota kitu chenye kutu kati ya kokoto, akakigeuza kiganjani.

"Msumari," akasema.

Sote tuliacha kuchuma. Yeye akaendelea, "Nyundo. Patasi. Randa. Msumeno," maneno yakifuatana kama watoto wanaotoka shule. Kisha yakakoma. Mama akamshika mkono. "Na mimi? Mimi ni nani?" Uso wa Baba ukajifunga tena.

"Hapo pameisha, Mama Mwende," Mama Nekesa alisema taratibu. "Tumpeleke kwingine." Akaendelea kuchuma, kisha akauliza kama mtu anayepiga gumzo tu, "Baba Mwende, huko kwenu Kitui mlifuga nini?"

"Mbuzi."

"Mliwanywesha wapi?"

Baba alianza kutembea. Alitaja mto wa mchanga, kibuyu, punda wa mjomba wake. Alitaja wavulana waliochimba naye maji, mmoja baada ya mwingine. Tulimfuata. Alikuwa anapita mahali ambapo sisi hatukupaona. Halafu akasimama, akamgeukia Mama.

"Syombua," akasema.

Ndilo jina lake la usichana. Nairobi nzima hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Mwende tangu nizaliwe. Mama aliketi juu ya reli, mboga zikamwagika, akalia kwa sauti. Mama Nekesa aligeukia upande mwingine, akaendelea kuchuma.

Nimekuja kusikia wasomi wakisema kwamba akili hutafuta maneno kama mnyama atafutavyo malisho: hula hapa hadi paanze kuisha, kisha husonga. Nilipolisikia hilo nilimwona Mama Nekesa ameinama.

Majina mengi yalirudi kwa njia hiyo. Langu halikurudi. Kila siku Baba alilizunguka, akanyoosha kidole, akasema, "Huyu... huyu tunayempenda." Nilikasirika, nikafikiri nimesahaulika, mpaka Mama alipoinamia sikio langu. "Mwende kwa Kikamba ni nini? Si ni anayependwa? Baba yako amefika mlangoni kabisa, mlango tu ndio umekataa."

Miaka ikapita. Mama Nekesa alirudi kwao, na Baba tulimzika Kitui. Mboga zile za reli leo zinauzwa supamaketi, zimefungwa vizuri, na watoto hawazijui zikiwa ardhini. Mwanangu akinihitaji anagusa kioo cha simu, nami napatikana papo hapo. Ni jambo jema, silikatai. Ila mtu wa kunitafuta akizunguka, akanikosa, akaanza upya kesho yake bila kuchoka, nilikuwa naye mmoja tu.