Sinema Aliyoitafsiri Baba

Sinema ile ina vipande saba, na nitausema uzuri wake na ubaya wake kwa haki, maana naijua kuliko nyumba ninayolala. Ni katuni ya zamani sana, ya kuchorwa kwa mkono, muziki mwanzo mpaka mwisho. Kila kipande kina wimbo wake na kisa chake, na hakuna kinachojuana na mwenzake. Maneno ndani yake ni ya kuokoteza. Sasa niambieni, sinema isiyo na maneno inatafsiriwa nini? Baba yangu aliitafsiri.

Baba alikuwa mtafsiri kwenye banda la video, hapa hapa Usagara. Waliokulia mitaa hii wanakumbuka: sinema ya kigeni inaonyeshwa, na mtu amekaa kando ya televisheni na maikrofoni, anawaambia watazamaji kwa Kiswahili kinachosemwa, na kisichosemwa anakitia mwenyewe. Siku hizi wanaofanya kazi hiyo wanaitwa madijei, wana kompyuta na majina makubwa. Baba alikuwa na maikrofoni iliyofungwa kwa utepe mweusi, na kikombe cha chai ya tangawizi.

Katuni ile aliipenda kwa sababu ilimwachia nafasi. Kipande cha kwanza ni jozi ya viatu vinavyotembea vyenyewe barabarani, bila mtu. Basi baba akasema hivyo ni viatu vya bwana mmoja wa Kigombe anayemtafuta mkewe, ametembea mpaka amekwisha, vimebaki viatu. Kipande cha pili ni masufuria na mabirika yanapiga ngoma jikoni. Viatu havimo, lakini baba anauliza, "Vimepita hapo nyuma ya birika, hamkuviona?" Na watu wazima, wenye ndevu, wanaapa kwamba wameviona. Hivyo hivyo mpaka kipande cha saba. Waliochora walitengeneza visa saba vilivyotupana mkono, baba akavishona kuwa safari moja.

Uzuri wa sinema yenyewe upo, sikatai. Kipande cha tatu kuna mbuzi mzee anapiga fidla kijijini kwenye theluji, na kila uzi ukitetemeka theluji inadondoka kwenye paa moja. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akatazama. Ubaya nao upo. Kipande cha tano ni ukungu na majani yanayoanguka tu, wimbo unaburuzika mpaka unasinzia, na hapo hata baba alikuwa anakunywa chai yake. Na kipande cha nne ni aibu tupu: wamechorwa watu weusi wanacheza, midomo mikubwa kama maandazi, macho yamewatoka. Nilipokuwa mdogo nilicheka. Baba hakucheka. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Waliochora hapa walikuwa hawajatuona. Tuendelee, viatu vinatungoja." Nimefundisha sekondari miaka mingi, na sijawahi kusema jambo zito kwa ufupi ule.

Lakini mimi, loo, mimi niliionea haya sauti yake. Nilipoanza kusoma na kujiona nimeelimika, nikawa nalalamika kila mara. Baba, unafunika muziki. Baba, hayo uliyoyasema hayamo. Kwetu ndivyo ilivyo, mtu akitaka kuonekana amesoma husema yeye hatazami zilizotafsiriwa, yeye anatazama orijino. Baba alinijibu mara moja tu, "Haya, mama msomi." Nikanuna siku mbili.

Siku moja banda likiwa tupu akajirekodi, sinema nzima na sauti yake juu, kwenye kanda ya video. Ndiyo kazi yake pekee iliyobaki. Banda lilipokufa, kanda ikahamishiwa kwenye sidii, kisha kanda yenyewe ikaliwa na ukungu. Baba naye akaondoka, mwaka wa tatu huu.

Mama yangu macho yamezimika kwa presha ya macho. Kila siku baada ya alasiri anakaa kwenye mkeka sebuleni, anajifunika kanga miguuni, anasema, "Hebu niwekee bwana wangu." Namwekea sidii. Viatu, mbuzi, ukungu, vyote kwake ni giza. Anachofuata ni sauti. Pale baba anapouliza kama hamkuviona viatu, mama anajibu, "Nimeviona, endelea." Kipofu anajibu hivyo, na anacheka.

Mwaka jana sidii ikaanza kukwama kipande cha sita, pale vyura wanapoimba kwenye kinamasi. Inatetemeka, inarudia, inazima. Mwisho hatuufikii tena. Na mwisho ndio wake mama. Katika kipande cha saba kuna nyumba juu ya kilima, taa dirishani, mlango unafunguka, na sinema inakwisha bila kuonyesha aliyefungua. Wachoraji wa watu walichoka tu, nafikiri. Baba alisema ni nani aliyefungua, na alimwambia nini mwenye viatu, na banda zima lilikuwa linageuka kumtazama mama huku likipiga makofi. Alikuwa anatajwa yeye.

"Nataka kuusikia tu mwisho wake," mama akaniambia. "Maneno yenyewe yananikimbia, mwanangu. Nayashika, yanateleza." Mimi nami sikuwa nayo; miaka yote nilitazama picha, sauti niliiacha ipite.

Nikaipeleka sidii mjini kwa fundi mmoja anayeweka sinema kwenye flashi. Mtu mzima, mpole, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu. Na ni nani nimemkuta amekaa kwenye benchi anasubiri simu yake? Mkuu wangu wa shule. Fundi akaigeuza sidii kwenye mwanga, akasema, "Imechoka hii. Nitaisafisha kwa dawa ya meno, ikikubali naihamisha. Ikigoma, sinema yenyewe nitakutafutia. Unapenda iliyotafsiriwa au orijino?"

Wanauliza hivyo maduka yote, ni kama kuulizwa chai ya rangi au ya maziwa. Na mimi, mkuu wa shule ananitazama, nikacheka kile kicheko cha ofisini nikasema, "Ah, orijino bwana! Mimi na zilizotafsiriwa wapi na wapi?"

Ningeweza kusema, ni sauti ya baba. Maneno manne. Mkuu wangu wa shule mwenyewe asingecheka, ana baba kama mimi. Sikuyasema. Nilijiambia sidii itakubali tu, haitafika huko.

Baada ya siku mbili nikachukua flashi, nikaenda nayo nyumbani bila kuijaribu. Mama alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, ameoga, amejipaka na mafuta ya nazi. Nikachomeka. Picha ikaja safi, sijapata kuiona hivyo, na muziki ukaja, jamani, muziki! Chini ya vile viatu kumbe kulikuwa na zumari laini inavifuata, miaka yote ile sikuijua. Nilisimama nikasikiliza kwa raha, Mungu anisamehe, kwa muda wa nusu wimbo.

Kisha mama akasema, "Ongeza sauti, simsikii."

Nikaongeza.

"Ongeza."

Nikaongeza mpaka jirani akapiga ukuta. Mama ameinua uso, amegeuza sikio moja, anangoja. Masufuria yakaja. Akasema polepole, "Nimeviona, endelea." Hakuna aliyeuliza.

Nikachukua bodaboda mpaka mjini, sijui hata nilivaa viatu gani. Fundi akashangaa. Sidii haikugoma, akaniambia. Ilikubali vizuri sana, ilicheza mpaka mwisho, wallahi, mpaka mlango ule unafunguka. "Lakini kuna mzee anaongea juu yake mwanzo mwisho, mwalimu, na wewe ulisema orijino. Nikaona nisikupe kitu kibovu, nikakutafutia safi. Ile ya kwako nikaitupa."

Takataka za duka lake zilikuwa zimeshachomwa asubuhi ile nyuma ya nyumba. Alinipeleka. Nilichokoa majivu kwa kijiti, mbele za watu, mwalimu mzima. Yapo mabonge ya plastiki yaliyogandamana, hayana sura. Nikamuuliza, yule mzee mwishoni alisema nini? Mlango ulipofunguka, alisema nini? Fundi wa watu akashika kichwa. "Sikusikiliza, dada yangu. Nilikuwa naruka ruka, natazama kama picha inakatika." Hata hasira sikuwa nayo. Ningemkasirikia kwa lipi? Alinifanyia nilichomwagiza.

Nimepita kwa wazee waliokuwa wakija bandani. Wanakumbuka viatu, wanakumbuka tangawizi. Mmoja akaniambia alipokuwa anacheka, hakuwa anasikia linalofuata. Mwingine alihama kurudi kwao Tongoni, nikamfuata, akanisimulia mwisho ambao ni wa sinema nyingine kabisa, ya mapanga. Nilimshukuru. Nilikunywa na uji wake.

Mama nilimwambia ukweli wote, na la orijino nikamwambia. Nilitaka anitukane. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akasema, "Baba yako angecheka." Basi. Sijui kama ni kweli, na sijui kama alisema hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Bado anaitaka. Kila baada ya alasiri naweka orijino, na mama anasimulia mwenyewe juu ya muziki. Mwanzoni alikuwa anakwenda vizuri. Siku hizi anachanganya, mbuzi anamleta jikoni, viatu anavisahau njiani, anasita. Nami nipo pembeni, mimi niliyehesabu paa za kile kijiji cha theluji, ninayejua chura wa tatu kutoka kushoto ana doa jicho la kulia, na siwezi kumsaidia kwa neno moja.

Jana alifika kinamasi akakwama. Akageuza uso kunielekea.

"Hapa alisema nini?"

Nikatazama skrini, maana ndipo nilipozoea kutazama. Nikamwambia, "Hapa vyura wanaimba, mama."

"Vyura nawasikia," akasema. "Nakuuliza baba yako."